Je, wajua kwa nini mkono mmoja huwa na ngozi ya umri wa aina mbili?

Mwombe mama au bibi yako aliyevuka miaka 60 akunje mkono wa gauni hadi juu. Tazama mgongo wa kiganja: mikunjo, madoa meusi, mishipa iliyotokeza, na ngozi ambayo ukiibana kwa vidole viwili inakawia kurudi mahali pake. Sasa mwambie ageuze mkono, utazame juu ya kiwiko, upande wa ndani unaolala ubavuni. Huko ngozi ni laini na ya rangi moja, kama ya mtu aliyemzidi kwa ujana miaka 20.

Niliyaona haya kwa mama mkubwa, ambaye ameanika dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, tangu kabla sijazaliwa. Aliteguka kifundo cha mkono, nikawa namfunga bandeji kila jioni, ndipo nikaona jinsi upande mmoja wa mkono wake ulivyochoka na mwingine ulivyobaki. Mkono ni mmoja, damu ni moja, na ugali aliokula miaka yote umelisha pande zote mbili. Upande mmoja umezeekaje peke yake?

Jibu ni jua. Uzee wenyewe upo na hauzuiliki, lakini sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzee wa ngozi ni kazi ya jua iliyolimbikizwa kidogo kidogo. Mwaka 2012 jarida moja la kitabibu la Marekani lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari la mizigo kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa karibu na dirisha, ulikuwa mnene na umejaa makunyanzi. Upande wa kulia ulikuwa wa mtu mwingine kabisa. Kioo kilimkinga na mionzi ya urujuanimno, yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho, aina ya B, ile inayounguza, lakini aina ya A ilipenya na kushuka hadi tabaka la ndani la ngozi. Mionzi hiyo ya aina ya A haiumi, wala haikutaarifu kwamba inakuharibu. Hata mawingu hayaizuii yote.

Na sisi wa Kigoma tumekaa chini ya jua kali. Mji uko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita utosini kabisa. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: huku magharibi jua halifiki juu kabisa saa sita. Saa zetu zimepangwa kwa kufuata mstari wa longitudo ulio mbali mashariki, kwa hiyo adhuhuri ya kweli ya Kigoma ni karibu saa saba mchana. Saa za kujihadhari ni kuanzia saa tano hadi saa tisa. Anayedhani kwamba ikishapita saa sita jua limeanza kulegea, anatoka nje wakati ule ule ambapo lina nguvu zote.

Weusi wetu unatusaidia, na si kidogo. Vipimo vilivyofanywa Marekani mwaka 1979 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hupitisha takriban 7% tu ya mionzi aina ya B, wakati la ngozi nyeupe hupitisha 24%. Kwa aina ya A ni karibu 18% dhidi ya 55%. Ndiyo maana makunyanzi hutuchelewa. Lakini 18% ya kila siku kwa miaka 40 ya kuanika dagaa ni mzigo mkubwa, na kwetu mzigo huo hutangulia kuonekana kama madoa na rangi isiyo sawa kabla ya mikunjo.

Ndani ya ngozi kunatokea nini hasa? Fikiria kitanda cha kamba. Kolajeni ndiyo kamba iliyosukwa na kukazwa, na elastini ndiyo inayoifanya inepe na kurudi. Kuanzia utu uzima tunapoteza takriban 1% ya kolajeni kila mwaka. Kwa wanawake, miaka mitano ya kwanza baada ya kukoma hedhi upotevu huo huenda kwa kasi, na makadirio yanayotajwa sana ni karibu 30%. Jua linakata kamba hizo hizo kabla ya wakati wake. Ngozi ikawa nyembamba, mishipa midogo ikakosa pa kuegemea, na ndiyo sababu mzee akigongwa kidogo tu hupata alama ya zambarau mkononi. Tunapomnyanyua mzee kitandani, tusimvute kwa mkono. Tumkumbatie kiunoni au mgongoni, kwa sababu ngozi hiyo inachanika kweli.

Mafuta nayo hupungua. Tezi za mafuta za mwanamke hulegea baada ya hedhi kukoma, lakini za mwanamume huendelea karibu kama zamani hadi uzeeni sana, na hiyo ndiyo sababu babu na bibi wanaoishi nyumba moja hawapauki sawa. Juu ya ukavu huo, tunawaogesha kwa sabuni ya mche. Hapa nasema kwa msisitizo, maana kosa hili liko karibu kila nyumba. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, kipimo chake cha pH ni karibu 5. Sabuni ya kipande huwa kati ya 9 na 10. Kijana akiiogea, ngozi yake hurudisha uchachu huo baada ya muda. Ya mzee hukawia, na kabla haijarudi unamsugua tena jioni kwa dodoki. Kisha tunashangaa anajikuna usiku kucha.

Sabuni ya mche iache ifue nguo. Kwa mtu mzima, sabuni laini ya kuogea itumike kwapani, sehemu za siri na miguuni, na kwingine maji ya uvuguvugu yanatosha. Maji yasiwe ya moto sana, hata kama ni baridi ya Juni. Akimaliza, umpanguse kwa kugusagusa, kisha umpake mafuta hapo hapo ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta hayaleti maji, kazi yake ni kuyafungia yaliyopo. Ukipaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka umefungia ukavu.

Mafuta gani? Kwa kuzuia maji yasitoke, sijaona kinachoyashinda mafuta ya mgando ya bei rahisi, hasa usiku na hasa kwenye magaga ya miguu. Mafuta ya alizeti nayo ni mazuri, kwa kuwa yana asidi ya linoleiki kwa wingi, na ngozi huitumia asidi hiyo kujenga ukuta wake. Gliserini huvuta maji, ila ichanganywe na maji kwanza. Mafuta ya nazi na yale ya kokwa la chikichi, tunayoyaita mise, yanafanana sana kwa asili yake na yote hulainisha. Asali ya jirani zetu wa Tabora huvuta unyevu pia, ukiipaka usoni dakika 15 kisha ukaisuuza. Inalainisha, basi. Haifuti makunyanzi, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Mawese je? Wengi wameniuliza kama kujipaka mawese kunazuia jua, kwa sababu ya ule wekundu wake. Hapana. Mafuta ya kupikia ya aina yoyote hayakingi jua kwa kiasi cha kutegemewa. Mahali pa mawese ni kwenye sufuria, na huko ni hazina. Wekundu wake ni karotini, miligramu 500 hadi 700 katika kilo moja, na mwili huigeuza sehemu ya karotini hiyo kuwa vitamini A. Ngozi isiyopata vitamini A hukauka na kuota vipele vigumu kama vya kuku aliyenyonyolewa. Hata dawa ambazo madaktari wa ngozi huandika kwa ajili ya ngozi iliyoharibiwa na jua ni za ukoo wa vitamini hiyo hiyo. Lakini jikoni kwetu kuna tabia ya kuyaunguza mawese hadi yawe meupe ili harufu ipotee. Rangi ikishapotea, karotini imekwenda nayo. Pasha kwa moto wa wastani, weka kitunguu yakiwa bado mekundu. Na yasizidi, kijiko kimoja au viwili kwa sahani vinatosha, kwa kuwa karibu nusu yake ni mafuta yale yanayoganda, ambayo moyo hauyapendi kwa wingi.

Zile kamba za kitanda, yaani kolajeni, zinasukwa kwa protini, na hapa ndipo wazee wetu wanapopungukiwa. Mzee wa kilo 60 anahitaji takriban gramu 60 hadi 70 za protini kwa siku. Ugali mkubwa na mchuzi mwepesi haumfikishi huko. Meno yakiisha, nyama na migebuka ya kukaanga huachiwa vijana, yeye anabaki na uji. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanalimaliza tatizo hili vizuri: huliwa wazima na mifupa yao, hivyo protini, chokaa na zinki huja pamoja. Wachambue mchanga, wakaange bila mafuta hadi wawe wakavu, watwange unga, kisha utie vijiko viwili vitatu kwenye uji au kwenye maharage yaliyopondwa. Mama mkubwa alikataa uji wa namna hiyo siku ya kwanza. Kwenye maharage haukumsumbua.

Kolajeni haisukwi bila vitamini C. Mabaharia wa zamani waliokosa matunda kwa miezi walitokwa damu kwenye fizi na vidonda vyao vya zamani vikafunguka upya, kwa sababu mwili ulishindwa kutengeneza kamba mpya. Pera moja lina vitamini hiyo kuliko chungwa, na si kwa kidogo: gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, za chungwa ni karibu 50. Kisamvu, kwa sababu lazima kitwangwe na kuchemshwa sana sumu yake itoke, hupoteza vitamini C nyingi motoni ingawa karotini yake hubaki. Kwa hiyo anayekula kisamvu na amalizie kwa pera au embe. Sukari nayo ipunguzwe kwenye chai, maana ikizidi kwenye damu hujishikiza kwenye kolajeni na kuifanya iwe ngumu isiyonepa. Sigara sitaizungumzia sana: hubana mishipa inayolisha ngozi, na sura za wavutaji zinaonyesha.

Watu husema kunywa maji mengi huondoa ukavu. Kama mzee amepungukiwa na maji, ndiyo, na wazee wengi hawasikii kiu hata maji yakipungua, hivyo tuwakumbushe. Lakini anayekunywa vya kutosha hatapata ngozi laini kwa kuongeza lita nyingine.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza. Madoa yakianza kutokea, wanawake wengi hukimbilia mkorogo. Ndani yake mara nyingi kuna haidrokwinoni, steroidi kali, au zebaki. Steroidi ikipakwa kwa muda mrefu huifanya ngozi iwe nyembamba, yaani inafanya kazi ile ile ya uzee, kwa kasi zaidi. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka huweza kuleta weusi wa bluu usiotoka. Zebaki hufika kwenye figo. Mwanamke wa miaka 55 ambaye ngozi yake imeanza kupungua unene, akijipaka vitu hivi anabomoa ukuta uliobaki. Limau nalo tuliache jikoni. Ukipaka maji yake kisha ukatoka juani, kemikali zake zikikutana na mionzi aina ya A huunguza ngozi na kuacha doa jeusi zaidi ya lile ulilotaka kulifuta.

Kinga ya kweli ni kivuli na nguo: mikono mirefu, mtandio mpana, kofia ya ukindu, mwavuli. Mafuta ya kukinga jua yenye namba ya kinga (SPF) 30 au zaidi ni mazuri kwa anayeyamudu, yapakwe tena kila baada ya saa mbili. Kwa ndugu zetu wenye ualbino si suala la urembo bali la uhai, na hospitali ya KCMC kule Moshi huyatengeneza kwa ajili yao. Na anayedhani amechelewa kuanza kujikinga asikate tamaa: utafiti uliofanywa Queensland, Australia, na kutangazwa mwaka 2013, uliwafuatilia watu 903 wenye chini ya miaka 55 kwa miaka 4 na nusu. Waliojipaka kinga kila siku walionyesha kuzeeka kwa ngozi pungufu kwa 24% kuliko wenzao waliojipaka walivyopenda.

Kidonda kisichopona baada ya mwezi mmoja kipelekwe hospitali, na mwasho wa mwili mzima usio na vipele pia, kwa kuwa huenda unatoka kwenye figo, ini au sukari. Tazameni na nyayo. Kwa watu weusi saratani hatari ya ngozi hupenda kuanzia sehemu zisizoona jua, kama unyayo au chini ya kucha. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 kwa saratani iliyoanzia kwenye kidole cha mguu.

Mama mkubwa hawezi kuacha jua, dagaa hawakauki kivulini. Alichobadilisha ni saa. Anaanika alfajiri dagaa wanapotoka mtumbwini, anarudi kuwageuza kabla ya saa tano, na hatoki tena hadi saa tisa imepita. Kofia ya ukindu niliyomnunulia hakuivaa wiki nzima. Nilipomuuliza, akaniambia amempa binti yake, mwenye miaka 31, ambaye mikono yake bado inafanana pande zote mbili. Nikamnunulia yeye nyingine.