Kijiti, kivuli na mvua ya msimu mmoja

Kitabu cha jiografia cha shule ya msingi huandikwa kwa ajili ya nchi nzima, na hapo ndipo mwalimu wa Mtwara au Lindi anapopata kazi ya ziada. Kikisema jua huwa la utosi tarehe 21 Machi na 23 Septemba, kinasema kweli, ila ni kweli ya Ikweta. Kikisema Tanzania ina vuli na masika, hiyo ni kweli ya Tanga na Arusha. Mtoto wa Mikindani akitoka nje kuhakikisha, haoni hata kimoja. Basi anakariri, mtihani unapita, na jiografia inabaki habari za watu wengine.

Mimi huanza na kijiti. Kiwe kimenyooka, kitokeze mita moja juu ya ardhi, mahali tambarare pasipofikiwa na kivuli cha mwembe. Lazima kisimame wima: funga jiwe kwenye uzi upate timazi, kisha waache watoto wenyewe waamue kama kimekaa sawa. Watabishana sana, nawe usiwakatize. Kuanzia saa tano na nusu, kila baada ya dakika tano, mtoto mmoja aweke kokoto kwenye ncha ya kivuli. Kivuli kitafupika, kitafupika, halafu kitaanza kurefuka. Mstari kutoka kwenye kijiti hadi kokoto iliyo karibu nacho kuliko zote ndio mstari wa kaskazini na kusini. Hujahitaji dira wala simu.

Msishangae kivuli kifupi kisipoangukia saa sita kamili. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Mtwara iko karibu na nyuzi 40, kwa hiyo mwezi Juni jua hufika katikati ya anga yapata saa sita na dakika ishirini. Darasa la nne usiwachoshe na hesabu hiyo. La sita wanaiweza, kwani kila nyuzi moja ni dakika nne.

Utamu wenyewe uko katika kurudia zoezi hilo mwaka mzima. Mwishoni mwa Juni kivuli cha adhuhuri hulala upande wa kusini, na urefu wake hukaribia sentimita 67. Mwishoni mwa Novemba kimeshahamia kaskazini na kubaki sentimita 20 tu. Katikati ya hapo ipo siku ambayo hakipo kabisa. Kwa Mtwara, iliyo nyuzi 10 na kidogo kusini mwa Ikweta, ni karibu tarehe 20 Oktoba, na tena karibu tarehe 22 Februari. Lindi na Masasi hutofautiana nayo kwa siku moja hivi. Mimi napenda ya Oktoba kwa kuwa anga huwa limetakata. Februari mawingu yanaweza kukuharibia kazi yote, na Ramadhani ikiangukia hapo huwezi kuwasimamisha juani watoto waliofunga. “Mwalimu, kimeingia ndani ya kijiti!” alipiga kelele mtoto mmoja. Sijapata maelezo yaliyo bora kuliko hayo.

Kijiti hichohicho ndicho kinachoeleza mvua zetu. Ukanda wa mvua nyingi hulifuata jua, ukichelewa kidogo nyuma yake. Jua likielekea kusini, ukanda hupita kaskazini mwa nchi na kuleta vuli. Likirudi, hupita tena na kuleta masika. Nawaambia watoto wafikirie basi la kutoka Dar kuja Mtwara. Mtu wa Kibiti huliona likienda, akakaa muda mrefu, ndipo akaliona likirudi. Aliye karibu na stendi ya mwisho huliona likiingia na kutoka, kwake yote ni safari moja. Ndiyo maana mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, msimu mmoja, wakati wenzetu wa Arusha wana miwili.

Hapo darasa huwa halishikiki, maana kila mtu ana la kusema. Mtoto wa mvuvi anajua kusi hushika kuanzia Aprili hadi Oktoba, na kwamba kaskazi ndiyo inayotawala miezi ya joto. Mtoto wa mkulima anajua korosho zilizoanguka huokotwa na kuanikwa haraka kabla mvua hazijazikuta. Waandike ubaoni wao wenyewe, mwezi kwa mwezi, kando ya urefu wa kivuli.

Mtihani ukiuliza misimu ya mvua, waandike vuli na masika. Sioni haja ya kubishana na msahihishaji. Lakini waongeze ni maeneo gani.

Ramani huja baadaye, na huwa nyepesi. Mstari wa kokoto unakuwa mshale wa kaskazini kwenye ramani ya uwanja wa shule, na hatua kumi zinakuwa sentimita moja ya skeli. Jina, ufunguo na fremu ni kazi ya kipindi kimoja.

Kabla ya Oktoba, zungumza na mwalimu wa zamu ili kengele isikuvurugie. Siku hiyo kivuli hutoweka saa sita na dakika chache, lakini Februari ni karibu saa sita na nusu. Sababu ni kwamba mwendo wa dunia kulizunguka jua hauna kasi moja mwaka mzima, pamoja na ule mlalo wa mhimili wake, na hilo nawaachia walimu wa sekondari. Watoto waangalie chini, kwenye kokoto. Asiwepo hata mmoja wa kulitazama jua lenyewe.