Futari yako itajulikana kwenye tarawehe

Kila mwaka mwezi wa Ramadhani ukiandama tu simu yangu haipoi, na swali karibu ni lilelile: dokta (mi si daktari, ni mtu wa lishe, ila nishachoka kusahihisha), inakuwaje nafunga siku zote 29 au 30 halafu Idi inafika nimeongezeka kilo? Huwa sijibu hapohapo. Namuuliza kwanza, tarawehe, ile swala ya usiku ya Ramadhani, unaswali rakaa ngapi, na ukienda sijida unajisikiaje? Watu wanacheka, wanadhani nawapima imani, kumbe mi napima sahani.

Iko hivi. Tumbo lililoshindiliwa ukilikunja kwenye rukuu halafu ukasujudu, kichwa chini kiuno juu, asidi inapanda mpaka kooni, ndo kile kiungulia cha rakaa ya sita ambacho watu wanasingizia pilipili. Yashanikuta mwenyewe. Mwaka wa kwanza nimeanza kazi hii ya kufundisha watu kula, nikafuturu vya kukaanga vitupu nikashushia na juisi glasi tatu, nikajipanga safu ya pili nyuma ya imamu kwa mbwembwe, rakaa ya nne nikatoka kimyakimya kama mtu aliyetokwa na udhu. Udhu nilikuwa nao, tumbo ndo lilikuwa halinitaki.

Sasa ukiangalia sunna yenyewe utaona dawa imo humohumo. Mtume (s.a.w.) alikuwa anafungua kwa tende mbichi, akikosa anakula kavu, akikosa anakunywa maji, kisha anaswali. Ile swala ya magharibi katikati mi naiona ni zawadi, kwa sababu tumbo huchukua kama dakika 20 hivi kuuambia ubongo kwamba chakula kimefika, kwa hiyo ukila tende zako na maji, ukaswali rakaa tatu za faradhi na mbili za sunna bila haraka, ukirudi mezani ile njaa ya kichaa ishashuka na mkono unatulia. Anayekaa kula moja kwa moja adhana ikilia mpaka sahani ya pili hiyo nafasi kaikosa. Tende nazo zisikudanganye, ile kubwa ya medjool moja tu ina sukari kama gramu 16, yaani vijiko vinne vya chai, ukila saba unakuwa umeshakula kitindamlo kabla ya chakula.

Kwenye sahani yenyewe sina maneno mengi: nusu mboga, robo wanga, robo protini. Ugomvi wangu ni na mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kinakaribia kalori 120, sasa kitu kilichozamishwa kwenye karai kinakunywa vijiko vingapi, piga hesabu mwenyewe.

Daku watu wanaichezea sana. Unakuta mtu anakula saa sita usiku ili asiamke, halafu saa nne asubuhi anasinzia kazini anasema swaumu nzito. Hiyo si daku bana, hicho ni chakula cha usiku kilichochelewa. Hadithi imesema kuleni daku kwani ndani yake mna baraka, na sunna ni kuichelewesha karibu na alfajiri. Weka mayai au maharage, mkate wa ngano isiyokobolewa, mtindi, tunda, na punguza chumvi maana ndo inayokutesa na kiu mchana. Maji usiyafakamie lita nzima dakika tano za mwisho, figo zitayatoa tu, yagawe tangu futari: glasi ukifuturu, ukimaliza kula, kabla ya tarawehe, baada yake, ukiamka. Na kile kichwa kinachogonga siku mbili za mwanzo mara nyingi si njaa, ni kahawa na chai ya rangi uliyoiacha ghafla, anza kupunguza wiki moja kabla.

Wenye sukari hapa nawaombeni. Ongea na daktari wako kabla mwezi haujaingia, dozi na saa za dawa zinabadilika, usijipangie. Ukipima mchana ikawa chini ya 3.9 mmol/L au imepita 16.6, fungua, usisubiri magharibi. Kujitoboa kidole kupima hakuharibu swaumu kwa kauli ya wanazuoni wengi, na mgonjwa karuhusiwa ndani ya Qurani yenyewe, Al-Baqara aya ya 184 na 185, sasa wewe unashindana na nani?

Halafu nguo. Napenda watu wanavyopendeza mwezi huu, kanzu, jalabia, baibui, mitandio mizuri, na kiafya vazi pana ni jambo la maana maana hewa inapita na jasho linakauka, ila liwe la pamba. Polyesta inanata mwilini, na mtu aliyefunga kila tone la jasho ni deni mpaka jioni. Lakini kanzu ina ubaya wake mmoja: haina kiuno! Suruali inakusema mapema, kanzu inakusitiri mwezi mzima, unakuja kujijua asubuhi ya Idi.

Nina mteja mmoja nilimwambia kila Ijumaa kabla ya kuvaa kanzu ajaribu suruali ileile moja, bila kupima kilo wala nini. Ijumaa ya pili kaniandikia, dokta kifungo kimegoma. Nikamwambia nitumie picha ya futari ya jana. Nikavihesabu vya kukaanga, vinane, na pembeni tango vipande viwili. Tukaanzia hapo.