Je, wajua kwa nini mnakili wa mchoro huanza na kahawia?

Anayejifunza rangi ya mafuta kwa kunakili mchoro wenye watu wengi hutamani kuanza na wekundu wa shavu au buluu ya vazi. Hapo ndipo anapokwama. Kila mguso wa brashi unamdai umbo, mwanga na rangi kwa pamoja, na akikosea hajui amekosea wapi.

Kahawia humpunguzia mzigo huo. Kwenye turubai ya sentimita 50 kwa 70, piga miraba 140 ya sentimita 5. Igawe picha unayoiiga kwa idadi hiyohiyo, kisha hamisha mistari mraba baada ya mraba. Sasa tumia kahawia ya amba, yaani rangi itokanayo na udongo, na nyeupe tu, viwango vitano kuanzia giza hadi mwanga. Tazama kazi zote mbili huku umefinya macho. Vivuli vikilingana, miili imesimama, hata kama nyuso bado hazina pua.

Amba ina manganizi, ambayo huharakisha kukauka, na hilo lina uzito. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba: mafuta ya kitani yaliyomo hunyonya oksijeni hewani na kuganda, na yakizidi huchelewa. Kwa hiyo tabaka la kwanza lichanganye na tapentaini kidogo, kimiminika cha kuzimua rangi, la pili lipake jinsi linavyotoka kwenye tyubu, na matone ya mafuta yaongezwe tabaka la mwisho. Ukigeuza mpangilio, la juu huganda wakati la chini bado linajongea, na mchoro hupasuka.

Ngozi ndiyo huwashinda wengi. Hutia nyeupe kwenye vivuli, navyo hupauka kama chokaa. Acha kahawia ya chini ifanye kazi: kivulini pitisha nyekundu nyembamba inayopenyeza mwanga, na nyeupe nzito iweke pale tu panapong'aa.

Wala hii si kazi ya wanagenzi peke yao. Mchoraji mashuhuri Rubens alikuwa amevuka miaka 50 alipoinakili "Adamu na Hawa" ya Titian, mchoraji wa Italia aliyemtangulia, huko Madrid mwaka 1628–29. Alibadilisha mkao wa Adamu, akaongeza kasuku.

Na vitambaa ulivyofutia brashi, usivirundike. Mafuta ya kitani yanaponyonya oksijeni hutoa joto, na rundo hilo huweza kuwaka lenyewe. Vilowanishe maji, uvifunike ndani ya kopo la bati.