Farasi wa kijani yuko wapi?

Mwanafunzi wangu mmoja wa lugha ya Kiayalandi aliniletea tafsiri: "Mzee akampanda farasi wake wa kijani." Sikumlaumu. Matini ilisema *capall glas*, na kikamusi chake kilimwambia *glas* ni kijani, basi. Farasi yule ni wa kijivu.

*Glas* ni rangi ya vitu vya asili: majani, vilima, manyoya ya kondoo, hata macho ya mtu. Gari lililopakwa rangi ya kijani huitwa *uaine*. Halafu mbao ambazo hazijakauka ni *adhmad glas*, na hapo Mswahili anashtuka, maana hilo ni -bichi letu! Sisi wenyewe husema "kijani kibichi".

Neno ni la kale. Wanaisimu hulirudisha kwenye Kiselti cha awali, lugha mama ya Kiayalandi na ya Kiwelisi cha Wales: *glastos*. Plinio, mwandishi Mroma wa karne ya 1, anataja mmea ambao watu wa Gallia (Ufaransa ya leo) waliuita *glastum*, na ambao wanawake wa Britania walijipaka mwilini. Huko Wales *glas* leo ni buluu, ila nyasi bado ni *glaswellt*.

Utamu wenyewe uko kwenye maumbo. Kivumishi chetu hubadilika kichwani: embe bichi, mayai mabichi. Chao hubadilika kichwani na mkiani. Nomino ya kiume haikigusi: *féar glas*, nyasi mbichi. Ya kike hukilainisha, yaani *g* ya mwanzo huwa *gh*: *bó ghlas*, ng'ombe wa kijivu. Hiyo *gh* itamke kama ya "ghali" na "lugha". Mwingereza huhangaika nayo wiki nzima, wewe umezaliwa nayo.

Ukitaka kusema "rangi ya nyasi mbichi", ni *dath an fhéir ghlais*, na *s* ya mwisho sasa inasikika "sh". Maziwa ya ng'ombe yule ni *bainne na bó glaise*: ulaini wa mbele umetoka, mkia umeota. Wingi ni *glasa*, kama *súile glasa*, macho ya kijivu, lakini farasi wengi ni *capaill ghlasa*, kwa kuwa *capaill* inaishia kwa konsonanti nyembamba, yaani iliyo jirani na *i* au *e*. (Hapa ndipo darasa huguna.) Kulinganisha ni *níos glaise*, kijani zaidi.

Kikiwa kiarifu, hata hivyo, hakiguswi kabisa. Methali yao husema *Is glas iad na cnoic i bhfad uainn*, vilima vilivyo mbali nasi ni vya kijani. Vilima ni vingi, *glas* imebaki vilevile.