Je, wajua kwa nini barua iliyonyooka kwenye kompyuta yako huvurugika kwenye kompyuta ya mwingine?

Kijana wa Kadutu, mjini Bukavu, anamwandikia barua shangazi yake anayeishi Goma. Kama alivyofundishwa shuleni, anaweka jina lake juu kushoto, na kwenye mstari uleule, upande wa kulia, anaandika «Bukavu, tarehe 14/6». Kwenye kompyuta yake, au ordinatere kama wengi wetu tunavyoiita, kila kitu kimenyooka. Anaituma faili kwa binamu yake ili aichapishe hukohuko Goma na kumfikishia shangazi. Karatasi inapotoka kwenye printa, tarehe imeangukia mstari wa pili, na salamu za mwisho zimebaki peke yake ukurasa wa pili. Hakuna aliyeigusa barua njiani. Imevurugwa na nini?

Chanzo ni kile kitufe kirefu cha kuachia nafasi kati ya maneno. Kijana alikibonyeza mara nyingi mpaka tarehe ikafika mahali alipopataka, na tabia hiyo tumeirithi kutoka mashine za zamani za kupigia chapa. Kwenye nyingi kati ya mashine hizo kila herufi, nene au nyembamba, ilichukua upana mmoja. Zile za herufi 10 kwa inchi zilisogeza karatasi milimita 2.54 kwa kila pigo, na nafasi tupu nayo ilikuwa pigo kama mengine. Karani aliyehesabu mapigo alijua kwa hakika angefika wapi, kwa hiyo mbinu hiyo haikuwa na kosa lolote wakati huo.

Fonti nyingi za leo, yaani mitindo ya herufi za kompyuta, hazifanyi hivyo. Katika Times New Roman, fonti iliyotengenezewa gazeti la The Times la London na kuanza kutumika mwaka 1932, herufi «m» ina upana unaokaribia mara tatu ya ule wa «i», na nafasi tupu ni nyembamba kuliko «i» yenyewe. Ukubwa ukiwa pointi 12, nafasi 80 za Times New Roman zinafika takriban milimita 85. Katika Arial zinafika milimita 94. Katika Courier, inayoiga mashine za zamani, zinafika milimita 203, ilhali karatasi ya A4 yote ina upana wa milimita 210. Kwa kawaida faili ya barua haibebi fonti ndani yake, bali hubeba jina lake tu. Kompyuta ya Goma isipokuwa na fonti hiyo, itachagua nyingine badala yake, na zile nafasi 80 zitapata urefu mpya. Ndiyo maana tarehe ilikosa mahali pa kukaa, ikashuka.

Karatasi nayo huchangia. Programu nyingi huja zimewekewa karatasi ya Marekani, yenye milimita 216 kwa 279, ilhali huku kwetu printa hulishwa A4, yenye 210 kwa 297. Mistari ikipungua milimita 6 kwa upana, maneno ya mwisho husukumwa chini, na aya huongezeka urefu. Ni vyema kuchagua A4 kabla ya kuandika neno la kwanza.

Dawa yenyewe ni kuiambia kompyuta mahali, badala ya kuijazia nafasi. Ukiacha pambizo za sentimita 2.5 kila upande wa A4, maandishi yanabaki na upana wa sentimita 16. Weka kituo cha tabo cha kulia, yaani alama ya mahali maandishi yatakapoishia, kwenye sentimita hiyo ya 16, andika jina, bonyeza mara moja kitufe cha Tab, chenye mishale miwili, kisha andika tarehe: itaishia kwenye pambizo la kulia hata fonti ikibadilika. Vivyo hivyo, pengo la kutia sahihi kwa kalamu lisijazwe kwa mistari mitupu; iongezee aya ya jina lako nafasi ya sentimita 2 juu yake. Nalisisitiza hili kwa sababu sahihi ya mkono ndiyo inayomwonyesha mzee kwamba barua imetoka kwako, na haifai itenganishwe na maneno yake.

Barua ikikamilika, ihifadhi pia kama PDF, muundo uliotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, ambao unaweza kubeba fonti pamoja na maandishi. Lakini kabla ya hapo fanya jaribio dogo: chagua barua yote, ibadilishe fonti iwe Courier, uitazame tarehe. Ikiwa imebaki mstari wake, irudishe fonti yako na uitume Goma.