Banda la kuku si la kuzibwa kila upenyo

Wengi wanaojijengea banda la kuku hupigilia mbao za ukuta zikabanana kabisa, kisha wakaziba hata nyufa za juu, wakihofia kuku watakufa kwa baridi. Kuku ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi, na manyoya yake ni blanketi tosha. Kinachomdhuru ni unyevu. Usiku kucha anatoa mvuke kwa pumzi, kinyesi nacho kinatoa amonia, gesi kali inayowasha macho. Hewa isipotoka, mvuke hugeuka matone ukutani na matandazo yanalowa. Ukiingia alfajiri macho yakakuwasha, ujue umeziba kupita kiasi.

Ziba kuanzia chini hadi juu kidogo ya vichwa vyao wakiwa kwenye fito za kulalia, upepo usiwapige. Karibu na paa acha uwazi, uufunike kwa wavu mgumu wa matundu madogo. Ule mwepesi wa kuku, mbwa huurarua.

Mbao za ukuta zinazolazwa, anza kuzipigilia chini, kila ya juu ilalie ya chini yake, mvua iteleze nje. Plaiwudi? Sawa, lakini kingo zake zipake rangi, maana ndiko inakoanzia kuvimba.