Hewa ukaa ndani ya zege: kuhifadhi si kufyonza

Tangu ujenzi upambe moto Mtumba, kwenye mji wa serikali, na pembezoni mwa jiji la Dodoma, imekuwa kawaida kusikia, semina hadi kijiweni, kwamba zege "huhifadhi hewa ukaa", na kwa hiyo kila ghorofa linaloinuka ni sawa na shamba la miti. Dhana yenyewe ni halisi, ila hapo imewekwa mahali pasipo pake.

Kuhifadhi hewa ukaa katika zege ni kuichukua hewa iliyonaswa, kwa mfano kwenye bomba la moshi la kiwanda, na kuiingiza katika zege bichi wakati linachanganywa, au kuyaweka matofali mabichi ndani ya chumba kilichojazwa hewa hiyo. Ikikutana na kalsiamu ya saruji, hugeuka kalsiamu kaboneti, yaani madini yaleyale ya jiwe la chokaa. Haibaki kama gesi iliyofungiwa vitunduni, na ndiyo maana jengo likibomolewa haitoroki. Kuitoa tena kunahitaji joto la tanuri.

Kinachochanganywa na dhana hiyo ni tabia ya zege lililokwisha kukomaa, ambalo nalo hupokea hewa ukaa kutoka angani, polepole, kwa miaka mingi, kuanzia usoni kuelekea ndani. Ukikimegua kipande kutoka kwenye nguzo ya zamani na kukinyunyizia kemikali iitwayo fenolfthaleini, ndani hugeuka rangi ya waridi iliyokolea, ilhali ukingo wa nje, uliokwisha kupokea hewa ukaa, hubaki na kijivu chake. Mhandisi akiuona ukingo huo umekaribia nondo hafurahi hata kidogo, kwa sababu nondo hulindwa na ukali wa alkali ya zege, ambayo pH yake, yaani kipimo cha ukali huo, huzidi 12. Ikishuka chini ya 9 hivi, ulinzi huo hutoweka, na unyevu ukipata njia nondo hushika kutu, huvimba na kulipasua zege. Vile vipande ambavyo mafundi huviita biskuti, vinavyowekwa ili nondo isigusane na mbao, vipo kwa ajili ya kuichelewesha siku hiyo. Zege lisilomwagiliwa ipasavyo siku za mwanzo, jambo ambalo si geni pale maji yanaponunuliwa kwa boza, hubaki na vitundu vingi zaidi na kupitisha hewa upesi. Kwa maneno mengine, katika jengo lenye nondo, zege linalofyonza sana ndilo zege baya. Tofali lisilo na nondo halina hofu hiyo.

Hata hicho kinachofyonzwa si faida mpya. Saruji hupatikana kwa kuchoma jiwe la chokaa, na kila kilo 100 za kalsiamu kaboneti zinapochomwa hutoa kilo 44 za hewa ukaa na kubakiza kilo 56 za chokaa, bila kuhesabu moshi wa nishati inayowasha tanuri. Ndiyo maana saruji hubeba takribani asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Ukuta unaofyonza unalipa deni lake mwenyewe, tena kwa sehemu tu.

Hata penye teknolojia ya kweli, kama ile ya kampuni ya CarbonCure ya Kanada, hesabu mbili husomwa kama moja. Chukua mita moja ya ujazo ya zege lenye kilo 300 za saruji, yaani mifuko 6. Hewa ukaa inayoingizwa kwa kawaida haifiki asilimia 1 ya uzito wa saruji, hivyo ni chini ya kilo 3, wakati kuitengeneza saruji hiyo kumetoa takribani kilo 200. Nafuu kubwa hutoka kwingine: zege huongezeka nguvu kidogo, na mchanganyaji huweza kupunguza saruji kwa asilimia 5 hivi, yaani kilo 15 ambazo hazikuchomwa kabisa. Huko ni kuepusha, si kuhifadhi.

Basi anayelisifia ghorofa la zege la kawaida na aseme kwamba, kwa miaka mingi, litarudisha sehemu ya hewa ukaa iliyotoka tanurini. Neno kuhifadhi aliweke pale ambapo kuna mtu aliyeinasa hewa hiyo, akaipima kwa kilo na kuiingiza kwenye mchanganyiko.